Kati ya Kuna na Ni

Lushoto mwezi wa Juni hakuna anayeuliza hita ya gari ni ya nini. Wanaouliza ni watu wa Mombo. Wao wako chini kwenye joto, kilomita 33 tu kutoka kwetu, na kwao zile nukta nyekundu kwenye dashibodi ni urembo wa Wajapani. Mimi nateremka asubuhi nimevaa koti na hewa ya moto inanipiga miguuni. Nikifika Soni nafungua vifungo. Nikifika Mombo nimeshageuza swichi kwenye nukta za buluu na naomba gesi ya AC iwe bado ipo. Feni ni ile ile moja. Inapuliza joto huku juu, inapuliza baridi kule chini, na yenyewe haina habari: joto linatoka kwenye maji ya injini, baridi inatoka kwenye gesi, kazi yake ni kusukuma hewa tu.

Huku kwetu hita si anasa. Alfajiri kioo cha mbele kinafunga ukungu kwa ndani hadi huoni kona, na barabara zetu ni kona tupu.

Sauti ilianza wiki ya pili ya Juni, nikienda Alfajiri. Msikiti si mbali, ila goti langu la kushoto na mlima hawaelewani, kwa hiyo naendesha. Nikaweka feni namba mbili ielekee kiooni, na kutoka nyuma ya dashibodi, upande wa abiria, ukaja mngurumo. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mashine ya kusaga inayofanya kazi nyumba ya tatu, milango imefungwa. Nikapandisha namba tatu, mngurumo nao ukapanda, dashibodi ikatetemeka hata tasbihi niliyoitundika kwenye kioo cha kati ikaanza kucheza. Nikazima. Kimya. Alfajiri ile niliisali vibaya, nakiri. Rakaa ya pili nilikuwa nyuma ya dashibodi.

Mimi ni mwalimu wa dini mstaafu. Nimefundisha sekondari miaka 22, na sasa kila Alhamisi baada ya Isha nina darsa ya watu wazima: wauza mboga, madereva, mafundi cherehani wawili, na mzee mmoja aliyestaafu misitu ambaye nadhani anakuja kwa ajili ya chai. Tunasoma usul, ile elimu ya namna hukumu zinavyotafutwa. Nalitaja hili kwa sababu kelele ile niliishika kwa vyombo vya darsa langu, na vyombo vile vilinifikisha mbali kabla ya kuniangusha.

Wanavyuoni wa usul wana njia wanayoiita dawarani, yaani mzunguko. Ukitaka kujua hukumu imefungwa na nini, tazama ni kipi kinachokuja nayo na kuondoka nayo. Maji ya zabibu ni halali. Yakianza kulevya yameharamika. Yakigeuka siki, ulevi umeondoka na uharamu umeondoka nao. Chombo ni kile kile, zabibu ni zile zile. Kilichoingia na kutoka sambamba na uharamu ni ulevi peke yake. Mwingereza John Stuart Mill aliandika kanuni za namna hii mwaka 1843, na vyuo vikuu vinazisomesha kwa jina lake. Madrasa zilikuwa nazo karne nyingi kabla yake, ila sisi tuliishia kuzitumia kwenye mvinyo na siki.

Basi niliporudi kutoka msikitini nikasimamisha gari uani, nikazima injini, nikaacha ufunguo umewasha umeme tu. Feni sifuri: kimya. Moja: mngurumo wa chini. Mbili, tatu, nne: unapanda ngazi kwa ngazi. Nikawasha injini na kukanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele zake, mngurumo haukujali. Nikasogeza gari mbele na nyuma; haukujali. Nikahamisha hewa kutoka kiooni kwenda miguuni, nikageuza moto kuwa baridi, haukujali. Ulikuwa unaifuata namba ya feni tu, kama mtoto anavyofuata upindo wa kanga ya mama yake. Dakika kumi, na nilikuwa na yakini ambayo hadi leo haijatanguka: kuna kitu kwenye feni.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila nilipozima feni, kabla haijasimama kabisa, ilitoa mchakacho mdogo, chaka-chaka-cha, kama mtu anayelaza kayamba mezani. Niliusikia siku tisa mfululizo. Sikuutia kwenye hesabu, kwa sababu ulikuja wakati kelele yenyewe imeshaondoka, na mtu anayesumbuliwa na kelele husubiri iondoke tu akafanye mambo yake.

Siku ya tano nilimpelekea fundi. Hakufungua kitu. Alisimama kwenye mlango wa abiria, mkono mmoja mfukoni, akaniambia niweke namba tatu.

“Mwalimu, bloa hiyo. Beringi imekufa.”

“Umejuaje na hujafungua?”

“Nimezisikia nyingi. Zote zinalia hivyo hivyo.”

Mota ya mtumba ingeagizwa Tanga kwa shilingi 120,000, na yeye angechukua 20,000 ya kufunga. Nilimwamini papo hapo. Nilimwamini kiasi kwamba jioni ile msikitini, mtu aliponiuliza gari, nilimjibu kwa sauti ya mwenye ujuzi: beringi imekufa. Asubuhi nilikuwa nasema kuna kitu. Jioni kitu kimeshapata jina, na jina limeshatembea.

Nimewahi kusikia watu wakimcheka Imam Ghazali, kwamba alikana sababu. Ghazali alifariki mwaka 1111, na kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, alikimaliza mwaka 1095. Humo anashika mfano wa pamba na moto. Anauliza: macho yako yameona nini? Yameona pamba ikiungua moto ulipoifikia. Kwamba imeungua kwa moto, hilo hukuliona; uliloona ni kuungua pamoja na moto. Kati ya “pamoja na” na “kwa” kuna pengo, na mazoea ndiyo yanayotuvusha. Ibn Rushd wa Kordoba, aliyezaliwa mwaka 1126, miaka kumi na tano baada ya Ghazali kufariki, alimjibu kwamba kazi ya akili ni kujua mambo kwa sababu zake, na ukizifuta sababu umeifuta akili yenyewe. Nikifundisha mjadala huu nilizoea kuwaambia wanafunzi wachague upande. Sasa naona nilikuwa nawaonea. Ghazali hakumkataza mtu kuzima moto wala kupeleka gari gereji. Yeye mwenyewe anajiuliza: je, ukitoka nyumbani na kuacha kitabu, utakaa na wasiwasi kwamba huenda kimegeuka mnyama? Anajibu kwamba hapana, Mungu ametuumbia elimu ya kutosha kujua kwamba halitokei. Anachotukataza ni kuita mazoea kwa jina la lazima. Na fundi wangu, kwa heshima zote, alikuwa na mazoea. Mngurumo wa namna ile umekuja mara nyingi pamoja na beringi iliyokufa. Masikio yake yalisikia “pamoja na”, mdomo wake ukasema “kwa”, nami nikampa mkono.

Hadi hapa ni habari ya shilingi 140,000, na mtu mzima anaweza kuzipoteza akacheka. Sasa niseme lililonifanya nikae kuandika.

Karibu na banda ninaloweka gari kuna stoo, na ndani ya stoo kulikuwa na gunia la maharage ya njano nililoliweka mwezi wa pili. Nililishona mdomo mwenyewe kwa uzi wa katani. Mwezi wa Mei nikaona gunia limelegea ubavuni. Mwanzoni mwa Juni nikaona limekaa kama mzee aliyechoka. Nikalipima kwa mizani ya jirani: limepungua kilo mbili na ushei. Nyumbani kwangu anaishi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, miaka 19, amemaliza kidato cha nne na anasubiri chuo. Ndiye anayeosha gari, ndiye anayeteremka Mombo ikiwa kuna mzigo. Ana ufunguo wa pili wa stoo.

Njia ya pili tunayoisomesha inaitwa sabri na taksimu. Unaorodhesha kila kinachoweza kuwa sababu, kisha unafuta kimoja kimoja mpaka kibaki kimoja. Nikaitumia, tena mezani, mbele ya mke wangu. Nikamwambia mpwa wangu: maharage yanapungua; wenye ufunguo wa stoo ni wawili, mimi na wewe; mimi sijauza. Nikanyamaza, nikamwachia hesabu aimalize mwenyewe.

Alisema, “Sawa, Mjomba.”

Toka siku ile alikuwa anakula wali mtupu. Bakuli la maharage likipita anampisha mwenzake. Mke wangu aliniambia usiku, “Yule mtoto hali maharage,” nami nikaona hiyo nayo ni dalili dhidi yake. Mtu akishajaza jina kwenye nafasi, kila kitu kinakuja kutoa ushahidi.

Jumamosi moja nilikuwa barazani nimeshika simu, nataka kutuma fedha ya mota Tanga. Mpwa wangu alikuwa anaosha gari. Bila kunitazama akasema, “Mjomba, tufungue kwanza tuone.”

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, hata niliona aibu. Kile kisanduku cha dashibodi cha kuwekea makaratasi unakibana mbavu mbili, kinaanguka chenyewe. Nyuma yake, chini, ndipo ilipo mota. Unachomoa soketi ya umeme. Skrubu ni tatu: mbili unaziona, ya tatu iko nyuma na unaifungua kwa kupapasa, shavu limelazwa kwenye zulia la gari. Alipapasa muda mrefu. Kisha mota ikamshukia viganjani pamoja na gurudumu lake, lile la plastiki lenye mbavu nyembamba nyingi, mfano wa kapu lililosukwa likaachwa bila mkono.

Ndani ya kapu mlikuwa na maharage.

Ya njano. Yamekaa upande mmoja, yamebanana kwenye mbavu za plastiki, yamechanganyika na vipande vya sponji iliyotafunwa na majani makavu ya mgrivea. Mengine yalikuwa yamebaki juu, kwenye nyumba ya feni, yakamwagika alipotia mkono. Mpwa wangu aliyatoa yote kwa kidole, punje kwa punje, akayatia kwenye kikombe cha bati. Kisha akafuta gurudumu kwa kitambaa, akalizungusha kwa ncha ya kidole. Likazunguka kimya, muda mrefu, likasimama polepole lenyewe.

“Beringi nzima, Mjomba.”

Hakusema neno jingine. Aliweka kikombe juu ya boneti, akaenda kunawa.

Mambo yote yakajipanga kwa mara moja, na kila moja lilinichoma. Feni ikizunguka, punje zinatupwa pembeni na kuganda upande mmoja. Gurudumu linakuwa zito ubavu, linayumba, na kuyumba kule kunasikika kama mngurumo wa beringi. Ukizima, mwendo unapungua, punje zinaachia na kuangukiana: chaka-chaka-cha. Kayamba. Na kayamba ndani yake kuna nini? Mtoto wa Pwani anayejua kayamba ni mbegu ndani ya matete alihitaji nini zaidi? Mama yangu alikuwa mtu wa Pangani. Kila alipochagua nazi aliitikisa sikioni, na mimi nimeshika kikapu pembeni yake. Nimekua na elimu ya kusikia mbegu na maji ndani ya vitu, nikaenda kuinunua kwa fundi.

Panya aliingia kupitia matundu ya kuvuta hewa, chini ya waipa. Filta ambayo ingemzuia ilitolewa miaka miwili nyuma na mtu aliyeniambia gari litapumua vizuri zaidi. Nilikubali. Nakubali vitu vingi nikiambiwa kwa sauti ya uhakika.

Nikaenda stoo na tochi. Gunia lilikuwa na tundu kwa chini, upande wa ukutani, ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Orodha yangu ya wenye kuingia stoo ilikuwa ya wenye ufunguo. Panya hatumii ufunguo. Wanavyuoni walikwisha kuliona shimo hili katika sabri na taksimu: utajuaje kwamba orodha yako imekamilika? Wanaoitetea njia hiyo hujibu kwamba mtafutaji akisema “nimetafuta sikuona kingine” inatosha, lakini inatosha kwa dhana, na kwa kutenda pale ambapo dhana inaruhusiwa kutenda. Haitoshi kwa yakini. Nimeyafundisha haya. Yamo kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu.

Na sheria ninayoifundisha haina mizani moja kwa kila kitu. Ukiwa porini gizani huijui kibla, unajitahidi, unaelekea unakodhani, unasali, dhana inakutosha. Kununua mota ya gari, dhana inatosha pia. Ukikosea umepoteza fedha. Lakini heshima ya mtu imejengewa ukuta wa mashahidi, na adhabu kubwa zinaanguka kwa shaka tu. Aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat, inayoonya juu ya dhana na upekuzi, naisoma kwa moyo na nimeitolea darsa pengine mara kumi. Mpwa wangu nilimpimia kwa mizani ya feni. Hata hapo nilimpunja, kwani feni niliifungua.

Kiswahili kimetupa maneno mawili mafupi, kuna na ni, na nimeyatumia zaidi ya miaka sitini bila kuyatazama. “Kuna” ni “ku” ya mahali na “na” ya kuwa na: mahali fulani pana kitu. Linashuhudia na kunyamaza. “Ni” linataja, na likishataja limefunga mlango. Kuna kelele kwenye feni, ni beringi. Kuna upungufu guniani, ni mpwa. Dalili ilinipa la kwanza kwa ukarimu, la pili nilijichukulia. Mama akitikisa nazi akasikia maji alijua kuna maji. Nyama ikoje hakusema, mpaka nazi imepasuliwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwanafunzi mmoja wa darsa, dereva wa bodaboda, alinisumbua kwa swali. Nilikuwa nimetoa ile hoja maarufu ya bedui: kinyesi kinaonyesha ngamia, nyayo zinaonyesha mpita njia, basi mbingu na ardhi zinaonyesha Muumba. Akasema: “Mwalimu, nyayo nimeziona na wapita njia nimewaona, kwa hiyo naunganisha. Ulimwengu nimeuona mmoja tu. Sijawahi kuuona mwingine ukiumbwa nikalinganisha.” Kijana yule hajamsoma mwanafalsafa David Hume. Kitabu cha Hume kuhusu dini ya maumbile kilitoka mwaka 1779, mwandishi akiwa ameshafariki, na hoja hiyo imo. Nilimjibu kwa kurudia ya bedui kwa sauti kubwa zaidi. Alinyamaza kwa adabu, kama mpwa wangu alivyosema “Sawa, Mjomba.”

Alhamisi iliyofuata baada ya kufungua feni nilikwenda darsani na kikombe cha maharage. Nilisimulia yote, pamoja na ya mpwa wangu, kwa sababu nilitaka aibu inisaidie. Kisha nikamgeukia yule kijana. Nikamwambia: hoja ya bedui naiona bado imesimama, lakini inabeba mzigo mdogo kuliko nilioutwika. Inafika kwenye kuna. Hume alipoikaba kooni, alipouliza mtajuaje kama aliyejenga ni mmoja na si wengi, au si mwanagenzi anayejaribu kazi, alikuwa anaikaba kwenye ni. Mashehe zetu walichora mpaka wao. Katika zile sifa ishirini za Mungu tulizokariri utotoni, wanasema akili peke yake inafika kwenye uwezo, utashi, elimu na uhai. Kusikia, kuona na kusema tunavipokea kwa wahyi. Na Imam Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, alipoulizwa “vipi” kuhusu sifa ya Mungu, alijibu kwamba jambo lenyewe linajulikana, uvipi wake ndio usiofikiwa na akili.

Kijana akatabasamu. “Mwalimu, kuna tupu hata asiyeamini atakubali. Atasema kuna kitu, ni maumbile. Na hii feni hatuwezi kuifungua.”

Hatuwezi kuifungua. Nililala na neno hilo. Sikupata jibu la kumkata kauli, na nimeacha kulitafuta. Nililopata liko kwenye kitabu kidogo cha itikadi cha Imam Nasafi, aliyefariki mwaka 1142, ambacho kinahesabu njia za elimu kuwa tatu: hisia zilizo nzima, habari ya kweli, na akili. Habari nilikuwa naipita haraka darsani kila mwaka, naiona ndogo mbele ya akili. Lakini hebu nijihesabie. Kwamba yule mwanamke wa Pangani ni mama yangu, sikulijua kwa sabri na taksimu. Niliambiwa, nikaamini, na sijawahi kujiona mjinga. Feni haisemi, ndiyo maana tunaikisia na kuifungua. Kinachoweza kusema, unakiuliza. Mimi Muislamu naamini Mungu amesema. Kwa hiyo “ni” yangu kuhusu Yeye sikuitoa kwenye nyayo, niliipokea kwa habari, na hilo sina haja ya kulifichia sura ya hesabu ili nimshinde dereva wa bodaboda. Yeye habari ile anaweza kuipokea au kusita. Walau sasa anajua anachoombwa.

Na mpwa wangu ana mdomo. Siku ile mezani sikumuuliza. Nilimpa hoja.

Nilimwomba msamaha mbele ya mke wangu, kwa kuwa nilimtuhumu mbele yake. Akasema yameisha. Usiku ule alipakua maharage, kijiko kimoja. Naomba nisiongeze: nusu kikombe iliyotoka kwenye feni si kilo mbili, na sehemu iliyobaki sijui iko wapi. Shetani wa jina alinijia tena palepale, akitaka niseme “basi ni panya” na gunia lifungwe. Nimemuuliza mpwa wangu kama anajua chochote kuhusu maharage mengine. Alisema hajui. Nimelichukua hilo kama habari.

Fundi nilimkuta sokoni nikamweleza. Alicheka sana. “Si nilikwambia ipo kwenye bloa, Mwalimu?” Kwa kweli alikuwa ameniambia.

Tumeweka wavu wa chuma kwenye matundu ya hewa na filta mpya mahali pake. Ufunguo wangu wa stoo niliupoteza mwezi wa nane. Nautumia wa mpwa wangu, namwomba. Na feni, asubuhi kukiwa na baridi kali, ukiweka namba moja inatoa mlio mwembamba kwa dakika mbili hivi, kisha unakatika. Namba mbili hausikiki. Kuna kitu bado. Sijakipa jina.